Ripoti yako ya CRB ni haki yako, mbona wailipia kila mwezi?

Kazi zikitangazwa tu, za bandarini ama za kaunti, saiba yetu hapa Majengo, Mombasa, hujaa mpaka kibarazani. Vijana wanakuja na bahasha zao za kaki, huyu ataka karatasi ya kodi ya KRA, yule ya mkopo wa chuo ya HELB, mwengine gudi kondakti ya polisi wa DCI, halafu mwisho kabisa, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia dawa ya maradhi ya aibu, "dadangu, na ile CRB je?"

Mie kazi yangu ni kujaza fomu na kuprinti, si wakili wala si mtu wa benki, lakini ukikaa mbele ya hii kompyuta kutwa unaona mengi. Na ninaloliona sana ni watu kutoa pesa kwa kitu ambacho sheria ishawapa bure, wanatoa kwa sababu wameingiwa na hofu, na kuna watu wengine wamekaa mkao wa kula wakiingojea hiyo hofu.

Kwanza hili neno "niko CRB" tuliweke sawa. CRB ni kampuni zinazoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, nani alipa na nani halipi. Ukishakopa benki, ukachukua mkopo wa simu wa M-Shwari, ukafuliza kwenye M-Pesa, ukakopa Sacco inayopeleka taarifa, basi uko CRB, wewe na mimi na meneja wa benki mwenyewe. Tangu kanuni za 2013 benki zinapeleka habari zote, ya mkopo unaolipwa vizuri na ya mkopo uliokwama. Kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kuweka hizo kumbukumbu ni tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, basi. Kinachokuharibia ni ile alama mbaya, na ya kawaida ni mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa. Kuwemo peke yake si kosa, tena mtu ambaye hayumo kabisa benki humuangalia kwa jicho la wasiwasi manake hawajui analipa vipi.

Sasa hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa na ndipo wanapoliwa. Kuna ripoti na kuna cheti, vitu viwili mbalimbali. Ripoti ni ule mlolongo wote, mikopo yako, nani alikupa, unadaiwa ngapi, umechelewa siku ngapi. Cheti ni ile karatasi moja ya kumpa mwajiri, inasema hudaiwi deni lililokwama. Ripoti una haki ya kuipata bure angalau mara moja kwa mwaka, na pia ukinyimwa mkopo kwa sababu ya kilichoandikwa CRB una haki ya kuiona bure hiyo ripoti iliyokunyima. Cheti ndicho kinacholipiwa, kwa miaka kimekuwa kwenye elfu mbili na mia mbili hivi. Lakini kanuni za 2020 zikasema cheti chako cha kwanza kabisa ni bure. BURE jamani. Yule kijana ametoka chuo juzi, hajawahi kuomba cheti maishani, yuwatafuta kazi yake ya kwanza, ndiye haswa aliyefikiriwa hapo, na ndiye huyo huyo ninayemuona amekopa kwa shangazi yake elfu mbili na kitu akalipie.

Na tena kuna hili ambalo sioni likitajwa. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022 ikasema mwajiri asikudai hivi vyeti mpaka awe yuwataka kukuandika kazi. Yaani ufanye intavyuu, wakutake, ndio uende ukatafute karatasi. Sasa nenda ukawaambie hao wanaoandika matangazo ya kazi! Bado yanakuja na orodha ile ile, watu mia tano wanalipia vyeti vitano vitano ili waajiriwe watu sita. Mie nnapata biashara, sikatai, lakini haipendezi.

Turudi kwa wale waliokaa mkao wa kula. Ukishuka Mwembe Tayari utaona vikaratasi vimebandikwa kwenye nguzo za stima, "TUNATOA JINA CRB SIKU MOJA", namba ya simu, hakuna jina la ofisi hakuna mtaa. Kwenye Facebook ndio usiseme. Ukiwapigia wanakwambia tuma elfu tatu kwanza ya kufungua faili, halafu kila mwezi mia tano ya "kumonita" jina lako lisirudi tena. Kumonita nini? Aliye na funguo za hizo kumbukumbu ni yule mkopeshaji aliyepeleka habari na ile kampuni ya CRB, huyu wa kwenye nguzo hana mlango wowote wa kupitia. Kama deni ni la kweli na hujalilipa, hakuna binadamu wa kulifuta kwa siku moja. Na ukishalilipa bado historia yake hubaki miaka mitano, inaandikwa tu kwamba limelipwa. Kama deni si la kweli, kulipinga hakuhitaji mtu wa kati.

Na hapa kuna kitu kilinifurahisha nilipokisoma. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 imewataja kabisa watu wa namna hii, wale wanaodai kukusafishia rekodi ya mkopo, na wale madalali wa kukutafutia loni. Hairuhusiwi mtu huyo kuchukua pesa kabla. Afanye kwanza, rekodi itengenee, ndio umlipe. Dalali wa loni naye asubiri mpaka pesa ya mkopo iingie mkononi mwako. Kwa hivyo ukiambiwa "tuma kwanza ya kufungua faili", hapo hapo ashakuvunjia sheria, huna haja ya kusikiliza sentensi ya pili. Hii mie nimeiprinti nikaibandika ukutani juu ya printa, watu wanaisoma wakingoja zamu.

Wengi pia wamebaki na yale ya 2022. Rais alipoingia akasema mambo ya CRB yabadilishwe, kukawa na maneno mengi, Novemba Benki Kuu ikatangaza mpango wa kurekebisha mikopo ya simu iliyokwama, benki zipunguze angalau nusu ya deni na mtu alipe kilichobaki mpaka mwisho wa Mei 2023. Mtaani ikafika kwamba CRB imefutwa. Haikufutwa. Mpango ulikuwa na mwisho wake na ukaisha, na aliyekaa akingoja kusamehewa alikaa na riba na faini zikimpanda kichwani.

Basi kuna jamaa mmoja dereva wa tuktuk, wa njia ya Bombolulu, alikuja ameshika kichwa. Sacco imemnyima mkopo wa kununua tuktuk yake mwenyewe, amechoka kupeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri. Wamemwambia tu "una shida CRB". Shida gani hajui, mkopeshaji yupi hajui. Tukaomba ripoti yake onlaini, kitambulisho, namba ya simu, basi ikaja kwenye imeili yake. Tukaifungua pale pale, watu wamesimama nyuma yetu shingo zimerefuka, ikabidi niigeuze skrini.

Ukurasa wa juu majina yake na namba tatu za simu, moja hata yeye alikuwa ameisahau, laini aliyoipoteza feri miaka hiyo. Chini yake skoa, ile namba ya kupima unavyolipa. Halafu ndio jedwali, kila mkopo mstari wake, tarehe ya kufunguliwa, kiasi, baki, siku za kuchelewa. Mistari mingi ilikuwa safi, sifuri, sifuri, sifuri. Akawa anashangaa mwenyewe, "kumbe hata hizi nzuri wanaandika?" Ndio, wanaandika. Mstari mmoja huko chini ndio ulikuwa na balaa, mkopo wa simu wa shilingi elfu nne na kidogo, unaonyesha haujalipwa na siku zimepita mia nne na ushei. Akapiga meza. "Hii nimelipa!" Akaanza kusogeza meseji zake za M-Pesa nyuma, nyuma, nyuma, mpaka akaifikia. Kweli alilipa, amechelewa wiki kadhaa lakini alilipa yote na faini juu. Yule mkopeshaji, simtaji, hakupeleka taarifa kwamba amelipwa.

Kupiga skrinshoti ya meseji si kazi. Kazi ni kujua umpelekee nani. Tulifanya hivi, barua fupi kwa ile kampuni ya CRB, kwamba mstari huu nausema si kweli, ushahidi huu hapa, nakala ya kitambulisho hii, na nakala ya barua kwa mkopeshaji. Wao CRB ndio wenye wajibu wa kumuuliza mkopeshaji, na mkopeshaji ana muda wake wa kujibu, asipojibu ndani ya huo muda ile habari inafaa iondolewe. Pia tukaandika kwenye barua kwamba hakuwahi kupewa notisi, manake sheria yataka kabla hawajakupeleka na alama mbaya wakuambie mapema, siku 30 kabla. Meseji ya "lipa leo la sivyo tutakupeleka CRB" ya saa nne usiku si notisi, ni vitisho tu. Na kama ungekuwa ni mkopo usiofika shilingi 1,000 hata kupelekwa haukufaa, tangu 2020 hizo ndogo ndogo zilikatazwa.

Mstari ukarekebishwa. Haikuwa haraka, alipiga simu mpaka sauti yake wakaijua, lakini ukarekebishwa na hakutoa hata shilingi zaidi ya zangu za kuprinti. Wakikukaidi kabisa Benki Kuu inapokea malalamiko, na sisi wa Mombasa tuna bahati ofisi yao ipo pale Nkrumah Road, huhitaji kupanda treni ya SGR kwenda Nairobi.

Ngojeni niseme na hili la kupigia simu watu wako. Zile apu za mikopo zilikuwa zikichota namba zote kwenye simu yako, ukichelewa wanampigia mkweo, wanampigia imamu, wanampigia fundi aliyekutengenezea kabati. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zimekataza hiyo, na 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga faini Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, karibu milioni tatu kwa kutumia namba za watu kuwasumbua. Kwa hivyo wakimpigia mkweo, chukua rekodi, lalamika.

Sasa hii biashara ya kumuuzia mtu ripoti yake kwa mwezi msidhani imeanzia kwenye nguzo za Mwembe Tayari. Kule Marekani wana kampuni tatu kubwa za namna hii, Equifax, Experian na TransUnion, ndiyo hiyo hiyo TransUnion iliyo na tawi hapa. Mwaka wa 2003 bunge lao likapitisha kwamba kila raia apate ripoti bure mara moja kwa mwaka kutoka kila kampuni. Kumbe kulikuwa na kampuni tanzu ya Experian, Consumerinfo.com, yatangaza kwenye tivii na mtandaoni ripoti ya "bure". Unaingia, wanataka namba ya kadi yako ya benki, unaweka, unapata ripoti yako, unafurahi. Usichokiona vizuri ni kwamba umejiandikisha uanachama, na zikipita siku 30 hujajitoa wanakata dola 79.95 za mwaka. Mamlaka ya biashara ya huko, FTC, ikawashika 2005, wakatoa dola 950,000 na kurudishia watu pesa zao. 2007 wakashikwa tena kwa mambo yale yale, wakatoa 300,000 nyengine. Halafu Januari 2017 ofisi nyengine ya huko, CFPB, ikawaamuru TransUnion na Equifax warudishie wateja zaidi ya dola milioni 17.6 na faini milioni 5.5 juu, kwa kudanganya kuhusu faida ya skoa walizokuwa wakiuza, na kwa kuwavuta watu na bure ama dola moja halafu wakawakata kila mwezi.

Nimeieleza kirefu kwa sababu ule mtego ndio huo huo, neno bure mlangoni, kadi yako mkononi mwao, na kukaa kimya kwako kukahesabika ndiyo. Hapa kwetu hatuna mazoea ya kadi sana, lakini apu ukishaipa ruhusa kwenye Google inakata airtime, na zile meseji za "umejiunga na huduma, shilingi 10 kwa siku" nani hapa hajawahi kuzikuta? Hukuomba. Na ile sheria ya 2012 imesema wazi kitu ambacho hukukiomba huwajibiki kukilipia, na wewe kunyamaza si kukubali.

Wifi yangu naye ana kesi yake ya jimu. Alijiunga jimu moja ya upande wa Nyali, simtaji mwenyewe, Januari kama kawaida ya watu. Bango la nje lilisema elfu tatu kwa mwezi. Ndani kuna ada ya kujiunga, kuna ada ya kadi, kuna ya loka, na fomu aliyosainishwa haraka haraka na yule kijana mwenye misuli ilisema ni mkataba wa miezi kumi na mbili, akitoka mapema alipe iliyobaki. Akaenda wiki moja tu, goti likamuuma. Wao wakasema haturudishi. Nikamwambia lete fomu nisome, nikaisoma, herufi za chini ndogo mpaka ikabidi nizikuze. Sheria hiyo hiyo ina sehemu nzima ya jimu na madarasa ya mazoezi na mfano wa hayo, mkataba uandikwe, upewe nakala yako, na kuna siku za mwanzo ambazo unaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote. Nakala hakupewa, ile tuliyosoma aliipiga picha yeye kwa simu. Aliandika barua ya kujitoa ndani ya zile siku, akaipeleka kwa mkono na akataka isainiwe kwamba imepokewa. Walirudisha ya miezi, ada ya kujiunga wakaigandia, na yeye kwa ile elfu moja na mia tano akaona hana nguvu ya kuendelea. Ningekuwa mie ningeenda mahakama ya madai madogo, ipo hapa Mombasa, haidai wakili na inachukua mpaka kesi za milioni moja. Lakini si goti langu.

Kitu cha kujifunza kuuliza kabla ya kusaini chochote chenye neno mwanachama ni bei ya kutoka. Ya kuingia watakwambia wenyewe, tena kwa tabasamu.

Hata Sacco. Mie ni mpenzi wa Sacco, nyumba ya mamangu ilijengwa kwa Sacco, lakini watu wanaingia bila kujua pesa zao zimegawika vipi. Ada ya kujiandikisha hiyo imekwenda, hairudi. Hisa hizo huwezi kuzitoa, ukiondoka unamuuzia ama unamhamishia mwanachama mwengine. Akiba yako ya kila mwezi ndiyo inayorudi, na kawaida unatoa notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mtu na mkopo wake haujaisha utangoja mpaka uishe ama apatikane wa kushika nafasi yako. Hapo kwa udhamini ndipo urafiki mwingi wa mji huu ulipozikwa.

Mamangu mdogo anauza nguo Kongowea, majuzi kaletewa fomu na kijana wa Sacco, tai shingoni, jua hili la saa saba. Kijana akamueleza gawio, akamueleza mkopo mara tatu ya akiba, maneno mazuri. Mama mdogo akamwacha amalize, akamuuliza, "Mwanangu, nikitaka kutoka mwakani nitatoka na ngapi?" Kijana akafungua faili, akalifunga, akasema atampigia. Mama mdogo akamwambia sawa, fomu niachie, lakini kitambulisho changu hupigi picha mpaka unipigie.

Hajapiga bado. Kuna Sacco nyengine ya wafanyabiashara ambayo karani wake alimuandikia hesabu yote kwenye karatasi, ya kuingia na ya kutoka, na ndiyo hiyo anayoelekea kujiunga mwezi ujao mauzo yakimkubalia.